Taka za Tiba Nyumbani: Mwongozo kwa Kaya za Ngokolo

Taka za tiba ni mabaki yote yatokanayo na kumhudumia mgonjwa, kuanzia sindano, bandeji na pamba zenye damu hadi dawa zilizokwisha muda wake na vipimajoto vilivyovunjika. Kwa kuwa mgonjwa wa kisukari hujidunga insulini nyumbani, na kidonda cha mchimbaji aliyerejea kutoka machimbo ya Geita husafishwa uani, taka hizo hazizalishwi hospitalini pekee. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban asilimia 15 ya taka za vituo vya tiba ndizo zenye hatari; lakini sehemu hiyo ndogo ikichanganywa na maganda na majivu, lundo zima huwa la hatari, na wanaoumia ni watoto wachezao jalalani na wazoa taka. Ndiyo maana kanuni kuu ni kutenganisha taka pale pale zinapozalishwa, kabla hazijafika kwenye ndoo ya kawaida.

Sindano na vitu vyenye ncha kali

Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko, kwa maana wengi hujichoma wakati huo huo, bali itumbukizwe mara moja, ncha ikitangulia, katika chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko imara, mfano chupa tupu ya sabuni ya maji, kilichoandikwa "SINDANO – HATARI" na kuwekwa mahali ambapo watoto hawafiki. Kikijaa robo tatu, kifungwe na kupelekwa kwenye zahanati au kituo cha afya kilichokubali kukipokea. Kuchoma sindano uani hakufai, kwani tanuri la kuteketezea taka za tiba huhitaji joto la nyuzi 850 za Selsiasi au zaidi, ambalo moto wa jalalani haulifikii. Matokeo yake plastiki hutoa moshi wenye daioksini, yaani kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na chuma hubaki jivuni kikiwa na ncha ile ile.

Bandeji na dawa

Bandeji na pamba zenye damu zishikwe kwa glavu, zifungwe katika mfuko wa taka usiovuja, kisha mikono ioshwe kwa maji tiririka na sabuni. Dawa zilizobaki au kuisha muda zisitupwe chooni wala kugawiwa jirani, bali famasi au kituo cha afya kiulizwe namna ya kuzirejesha, kwa sababu antibayotiki zitumikazo ovyo huchangia usugu, yaani hali ya vimelea kutosikia dawa.

Zebaki

Kipimajoto cha kioo chenye kimiminika cha rangi ya fedha kwa kawaida huwa na zebaki, metali ile ile ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, na ambayo mvuke wake hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unalenga kuviondoa vipimajoto hivyo sokoni. Kipimajoto kikivunjika, watoto watolewe chumbani, madirisha yafunguliwe, na matone yakusanywe kwa karatasi ngumu, bila kufagiliwa, hadi kwenye chupa yenye mfuniko. Yasipashwe moto kamwe, hata kwa nia ya kuyatumia kwenye dhahabu.

Mtu akichomwa na sindano

Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni bila kuminywa wala kunyonywa, na aliyechomwa awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sindano moja yenye damu ya mwenye maambukizi inaweza kuwaambukiza homa ya ini aina ya B hadi asilimia 30 ya wanaochomwa wasiochanjwa, na virusi vya UKIMWI takriban asilimia 0.3 ya wanaochomwa. Dawa za kuzuia UKIMWI, zinazomezwa kwa siku 28, lazima zianzwe ndani ya saa 72. Kwa hiyo aliyechomwa asizuiwe na haya wala asingoje dalili, kwa kuwa ndani ya saa hizo virusi havionyeshi dalili yoyote.