Usonji katika Lugha ya Vyombo vya Habari: Mtazamo kutoka Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili cha vyombo vya habari kinavyomchora mtu mwenye usonji. Masuala ya utabibu tunawaachia wenye taaluma yao. Itoshe kusema kwamba hali hii, ambayo Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 kutokana na watoto 11, ni tofauti ya ukuaji inayoanza utotoni. Si maradhi ya kuambukiza, wala haitokani na malezi mabaya. Tumezichagua wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa huko Kiswahili cha redio huingia katika nyumba zinazozungumza Kihangaza, Kishubi au Kisukuma.

2.0 Nomino na Kitenzi

Nomino usonji imo katika ngeli moja na upofu na uziwi, lakini mfanano huo ni wa umbo tu. Msikilizaji wa Rulenge akisikia upofu, hurejea kwa urahisi kwenye kipofu na pofuka. Akisikia usonji, hana pa kurejea. Neno linamfikia likiwa tupu, na kinacholijaza ni sentensi ya mwandishi. Tuangalie mifano hii, tuliyoitunga kwa kufuata mazoea ya magazeti:

(1) Mtoto anaugua usonji.
(2) Mtoto anasumbuliwa na usonji.
(3) Wahanga wa usonji wasaidiwe.
(4) Mtoto ana usonji.

Katika (1) usonji umewekwa safu moja na malaria, na msikilizaji ana haki ya kuuliza dawa yake. Katika (2) kauli ya kutendwa inaufanya usonji kuwa mtenda, kana kwamba yupo mtoto mwingine, mzima, aliyetekwa ndani. Mganga hahitaji mlango mpana zaidi ya huo. Mfano (3) ndio mbaya kuliko yote. Mhanga ni kafara, na anayejitoa mhanga hujitoa kwa hiari yake. (Matumizi haya yameenea mno hata anayeyapinga huonekana anatwanga maji; tunayapinga hata hivyo.) Sentensi (4) ni kavu, lakini inasema kweli.

Filamu ya Kimarekani Rain Man, ya mwaka 1988, ilikosea kwa upande wa pili: ilizoesha watazamaji kutarajia kipaji cha ajabu cha hesabu, ambacho wenye usonji wengi hawana.

3.0 Redio na Asiyesema

Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, baada ya umati wa Wanyarwanda kuvuka Rusumo mwaka 1994. Redio ni chombo cha sauti. Mtoto asiyetumia maneno hawezi kuhojiwa humo. Huzungumziwa tu, na aghalabu kwa ukanushi: haongei, hachezi na wenzake, haitiki akiitwa. Kiambishi ha- kinarudiwa mpaka mtoto mwenyewe anatoweka.

Linganisha na maelezo ya mzazi aliyeulizwa, si mtoto hawezi nini, bali hufanya nini: anapanga vijiti kwa urefu, anaziba masikio lori linapopita, anamshika bibi yake mkono na kumpeleka penye mtungi akiwa na kiu. Hapo msikilizaji wa Biharamulo, hata kama neno usonji hajalisikia kamwe, huenda akamkumbuka mtoto wa jirani ambaye kijiji kizima kilikwisha kumwita bubu.