Somo: Mtoto Ashike Jembe Mwenyewe



Vita inapofukuza watu, shule nayo inahama. Watoto wa vijiji mbalimbali wanakusanyika chini ya turubai moja, na kundi la asubuhi linapaswa kulipisha kundi la mchana. Mwalimu akimaliza saa hizo chache akiandika ubaoni, watoto wananakili tu, kisha wanarudi. Nani ameelewa? Hatujui. Katika somo hili tunaeleza njia nyingine.

Darasa lililogeuzwa ni nini?

Tumezoea mwalimu kueleza shuleni, na mtoto kufanya zoezi nyumbani peke yake. Katika darasa lililogeuzwa, mtoto anapata maelezo mapema. Saa ya darasani inakuwa ya mazoezi, maswali na kusaidiana. Mwaka 2007, walimu wawili wa kemia huko Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo kwa video kwa ajili ya wanafunzi waliokosa kufika. Baadaye waliamua kutumia saa ya darasani kumsaidia kila mmoja pale anapokwama.

Lakini video siyo shina la jambo. Mwaka 2014, watafiti wa Marekani walilinganisha chunguzi 225 za masomo ya sayansi na hesabu katika vyuo vikuu. Wanafunzi waliosikiliza tu walikuwa katika hatari ya kushindwa mara 1.5 kuliko wale waliojadiliana na kutenda. Kinachofundisha ni mwanafunzi kutenda.

Tufanyeje kambini?

Redio inaweza kusaidia. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, Radio Okapi ilitangaza masomo kwa watoto wa Kongo. Pasipo redio, mtoto anaweza kupewa swali la kwenda nalo. Mfano: leo jioni, mwone mama anavyogawa unga. Debe moja likigawiwa familia nne, kila familia inapata nini? Kesho, katika vikundi vya watoto watano, kila mmoja anaeleza alichoona, wanachora, wanahesabu. Mwalimu anapita akisikiliza. Hivyo wanafika kwenye robo na nusu kwa akili yao wenyewe.

Tuangalie jambo moja

Jioni za watoto hazifanani. Binti anateka maji na kulea wadogo zake; mwingine hana taa. Tukimwadhibu kwa kutojitayarisha, tunamfukuza shuleni mara ya pili. Kwa hiyo mwalimu aanze na dakika kumi za kurudia, na kazi ya jioni iwe fupi, isiyodai karatasi wala mafuta ya taa.

Faida kwa amani

Vikundi vichanganye watoto wa vijiji na lugha tofauti. Mtoto aliyezoea kuuliza, kusikiliza na kutoa sababu hadanganywi upesi na uvumi wa chuki. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kuzungumzia

1. Watoto wetu wana nafasi gani ya kuuliza maswali, shuleni na nyumbani?
2. Ni kazi gani za jioni tunazoweza kumpunguzia binti ili ajitayarishe?
3. Nani kambini ana redio, na anaweza kuwasikilizisha watoto wangapi?