Friza Kabla ya Bonasi Kuisha: Vidokezo kwa Nyumba za Kapkatet

Bonasi ya majani chai huingia karibu Oktoba, na Desemba haiko mbali: wageni kutoka mjini, sherehe za vijana wanaotoka jandoni, fahali wa kuchangia. Ndiyo miezi ambayo wengi hapa Kapkatet huanza kuulizia bei ya friza kule Litein na Sotik. Friza ni ununuzi mzuri sana ukipatia, na haya ndiyo ningependa jirani ayajue kabla hajatoa pesa.

1. Anza na chakula. Jiulize utaweka nini humo ndani. Sukuma, managu na saga havihitaji friza. Mvua hapa hunyesha karibu mwaka mzima na shamba liko nyuma ya nyumba. Mursik nayo ina kibuyu chake. Kinachobaki ni nyama, samaki wa ziwani, mahindi mabichi, na maharagwe uliyochemsha sufuria nzima ili usikae jikoni kila jioni. Kwa nyumba nyingi mzigo mkubwa ni nyama ya Desemba. Familia nne zikichangia fahali mmoja wa kienyeji, robo moja inaweza kukaribia kilo 30 pamoja na mifupa, na hiyo haiwezi kuingia kwenye kile kisanduku cha barafu cha friji ya kawaida.

2. Usinunue kwa macho. Lita 100 za friza hubeba takriban kilo 50 za nyama iliyopangwa vizuri. Kwa nyumba ya watu sita au saba, lita 150 hadi 200 zinatosha hata ukiongeza mahindi mabichi. Lita 300 na kuendelea mwachie mwenye bucha au hoteli. Nafasi tupu nayo inapozwa kwa tokeni zako.

3. Chukua ya kulala, ile inayofunguliwa kwa juu. Ya kusimama ina raha yake: droo zake zinaonekana, huinami kutafuta kitu. Lakini hewa ya baridi ni nzito, hushuka chini. Ukifungua mlango wa mbele inamwagika sakafuni. Ukiinua kifuniko cha juu inabaki ndani. Na hapa kwetu, ambako mikaratusi huangukia nyaya za stima kila msimu wa mvua, hilo ni jambo kubwa. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushikilia barafu kama saa 48 stima ikipotea. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Ndiyo maana nafasi ikibaki, ijaze chupa za maji. Zikiganda zinakulindia nyama.

4. Kuna nyota za aina mbili, usizichanganye. Za kwanza ziko kwenye lebo ya matumizi ya umeme inayosimamiwa na EPRA, mamlaka ya kawi, moja hadi tano. Zikiwa nyingi, friza inakula stima kidogo. Tafuta pia uniti za mwaka. Zikiandikwa 292, gawanya kwa 365 upate 0.8 kwa siku. Halafu fungua ujumbe wa tokeni yako ya mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, uzidishe kwa hizo uniti za siku. Hapo unajua gharama yako ya kweli, si ile anayokuambia muuzaji.

Nyota za pili ni za baridi. Tatu maana yake friza inahifadhi kilichokwisha kuganda, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nne maana yake inaweza pia kugandisha chakula kibichi, na hiyo ndiyo unayoitaka. Karibu na hapo huandikwa kilo inazoweza kugandisha kwa saa 24. Ikiwa ni 10, usitupie ndani kilo 30 zenye joto la machinjioni kwa mara moja. Iache nyama ipoe, uigawe, na umwombe mwenye bucha akuwekee nyingine kwenye baridi yake hadi zamu yake ifike.

5. Soma herufi. Kibandiko cha nyuma huonyesha hali ya hewa ambayo friza imetengenezewa. N ni chumba cha nyuzi 16 hadi 32. T ni 16 hadi 43. SN huanzia 10. Usiku wa Julai huku kwenye nyanda za chai, stoo ya mabati isiyo na dari hushuka chini ya 16 bila shida. Ikiwa friza italala stoo, tafuta yenye SN.

6. Mahali pake si jikoni penye kuni, wala chini ya dirisha la jua. Acha nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani ipate kupumua. Pima mlango wa nyumba kabla hujalipa.

7. Weka gadi ya umeme. Stima ikirudi huja na kishindo, na mota ya friza ndiyo inayoumia. Gadi huisubirisha dakika chache mpaka umeme utulie. Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ardhini, usitumie ekstensheni ndefu. Radi za huku mnazijua, zikianza, chomoa. Friza iliyofungwa haitapoteza chochote kwa saa moja au mbili.

8. Ukinunua ya mtumba, ifungie noti ya shilingi 50 kwenye kifuniko kisha uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka. Rudia pembe zote nne.

9. Isafirishe ikiwa imekaa kwa miguu yake. Ikilazwa ndani ya Probox, mafuta ya mota huingia kwenye mabomba. Ikibidi hivyo, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

10. Gandisha haraka, vipande vyembamba. Mmarekani Clarence Birdseye alijifunza hili kwa Wainuiti wa Labrador: samaki aliyegandishwa upesi kwenye baridi kali alibaki mtamu. Barafu ikichelewa kuganda hufanya chembe kubwa, zinapasua nyama, na ikiyeyuka maji yote yanatoka. Kwa hiyo funga mlo mmoja mmoja, uulaze kama kitabu, andika tarehe. Mahindi yachovye kwenye maji yanayochemka dakika chache, kisha kwenye maji baridi, ndipo uyakaushe na kuyafunga; yakiingia mabichi hupoteza utamu.

11. Kabla ya safari, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, ukiache ndani. Ukirudi ukute sarafu imezama chini, ujue stima ilipotea muda mrefu, barafu ikayeyuka, ikaganda tena. Nyama hiyo usiipikie mtu.