Watalii Wawili, Malazi Ishirini: Namna ya Kusanifu Ghala la Data za Utalii

Mke na mume kutoka Ujerumani wanatua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Wanalala Tarangire siku mbili, Serengeti siku tatu, Ngorongoro siku moja, kisha wanaruka hadi Zanzibar kwa siku nne kabla ya kurudi kwao. Uhamiaji wameandika watu 2. Tuchukulie kila kibali cha kuingia hifadhi ya taifa ni cha mtu mmoja kwa saa 24: Tarangire imeandika vibali 4 na Serengeti 6. Ngorongoro ina mamlaka yake na daftari lake. Tukihesabu mtu mmoja kulala usiku mmoja kuwa lazi moja, hoteli zote kwa pamoja zimeandika malazi 20, ingawa vyumba vilivyouzwa ni 10 tu kwa kuwa wawili hao wanalala chumba kimoja. Zanzibar nayo imewahesabu upya walipofika.

Hapo hakuna ofisi iliyokosea. Kila moja imehesabu kilicho chake. Kosa huzaliwa siku mtu anapoyamwaga madaftari hayo yote kwenye faili moja la Excel na kupiga jumla, halafu jumla hiyo ikasomwa kwenye kikao kama idadi ya watalii.

Ghala la data hujengwa ili kuzuia jambo hilo. Ni hifadhidata inayosimama kando ya mifumo ya kazi za kila siku, inapokea kumbukumbu za miaka kutoka vyanzo vingi na kuzipanga tayari kwa kuulizwa maswali. Mfumo wa langoni unatakiwa uwe mwepesi wa kuandika, maana foleni ya magari inasubiri. Ghala linatakiwa liwe jepesi la kujibu. Hatua zifuatazo zinamfaa mtaalamu wa TEHAMA au mtakwimu aliyepewa kazi hiyo katika wizara, mamlaka ya hifadhi, bodi ya utalii au kampuni kubwa ya kupokea wageni.

Kusanya maswali kabla ya kununua seva

Keti na watakaolitumia ghala: afisa mipango, mtu wa masoko, mhasibu, mhifadhi. Usiwaulize wanataka data gani, kwa sababu watajibu "zote". Waulize ni uamuzi gani waliufanya mwaka jana kwa kubahatisha. Maswali yatakuja yenyewe: wageni wa soko lipi hukaa siku nyingi zaidi? Lango la Naabi Hill huko Serengeti lilipokea magari mangapi msimu wa nyumbu ukilinganisha na msimu uliotangulia? Wanaopanda Kilimanjaro, wangapi huendelea hadi pwani?

Liandike kila swali kwa sentensi kamili, na pembeni yake jina la cheo cha atakayelitumia jibu. Swali lisilo na mwenyewe liondoe. Kisha yapange kwa ugumu. Swali la Naabi Hill linajibiwa na chanzo kimoja. Swali la Kilimanjaro na pwani linadai umtambue mtu yuleyule katika vyanzo viwili au vitatu, na hiyo ni kazi ya baadaye.

Tamka mstari mmoja unahesabu nini

Ralph Kimball, ambaye kitabu chake The Data Warehouse Toolkit kilitoka mwaka 1996, alipanga usanifu katika hatua nne: chagua shughuli, tamka kiini cha mstari, chagua maelezo, chagua vipimo. Hatua ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoangusha maghala mengi. Kabla hujachora safu hata moja, andika: "Mstari mmoja katika jedwali hili ni ..." na umalizie bila kutumia neno "au".

Kwa utalii wa Tanzania utahitaji angalau majedwali matatu ya matukio. La kwanza: mstari mmoja ni mtu mmoja kuvuka mpaka mara moja. La pili: mstari mmoja ni kibali kimoja kilichotolewa langoni. La tatu: mstari mmoja ni hoteli moja kwa usiku mmoja, ukiwa na vyumba vilivyokuwepo, vilivyouzwa na wageni waliolala. Usiyaunganishe kuwa moja, hata bosi akisema anataka "kila kitu pahali pamoja". Pahali pamoja ni ghala. Ndani yake kila hesabu inakaa kwenye jedwali lake.

Hapo pia ndipo pa kuamua nani ni mtalii. Mapendekezo ya kimataifa ya takwimu za utalii ya mwaka 2008, yaliyotolewa chini ya Umoja wa Mataifa, yanamtaja mgeni kuwa ni mtu anayetoka nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka mmoja, kwa shabaha yoyote isipokuwa kuajiriwa huko aendako. Akilala usiku mmoja au zaidi ni mtalii. Akirudi siku hiyohiyo ni mgeni wa kutwa. Kwa mpaka kama Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, tofauti hiyo si ya vitabuni. Mama anayevuka kila wiki kupeleka nyanya sokoni hajatoka nje ya mazingira yake ya kawaida, na ukimtia kwenye hesabu ya watalii utaupandisha utalii wa nchi anayoingia bila kitanda kimoja kulaliwa. Weka safu ya shabaha ya safari na safu ya aina ya mgeni, na kanuni ya kuzijaza iandikwe mahali pa wazi.

Zungushia maelezo

Mpangilio unaofaa zaidi kwa kazi hii huitwa nyota: jedwali la matukio katikati, majedwali ya maelezo yakilizunguka. Katikati kuna namba na funguo. Pembeni kuna majina na sifa. Majedwali ya maelezo yatumiwe na matukio yote matatu, ili "Ujerumani" ya Uhamiaji na "Ujerumani" ya hotelini iwe ileile.

Jedwali la tarehe lijaze mapema kwa miaka mingi, siku moja mstari mmoja. Kwetu mwezi na mwaka havitoshi. Tia mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, la sivyo mhasibu na mtu wa masoko hawatapatana kamwe. Tia alama ya masika na vuli, Ramadhani, Idi na Pasaka. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Anayelinganisha Machi na Machi bila kulijua hilo atatafuta sababu pasipo na sababu.

Jedwali la nchi lisimame juu ya vifupisho vya kimataifa vya herufi tatu. Vyanzo vitakuletea Germany, Deutschland, GER na DEU, vyote vikimaanisha nchi moja, na vitakuletea "Congo" tupu bila kusema ni COD ya Kinshasa au COG ya Brazzaville. Tenga pia nchi ya pasipoti na nchi ya makazi. Takwimu za utalii zinafuata makazi: Mjerumani anayeishi Nairobi ni soko la Kenya, na tangazo litakalompata ni la Nairobi, si la Berlin.

Usifute jana kwa ajili ya leo

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ya Pori la Akiba la Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Usimamizi ulihama kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) kwenda Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Sasa fikiria jedwali la vivutio ambamo fundi alilifuta neno "Selous" na kuandika "Nyerere". Ripoti ya mwaka 2015 itaonyesha wageni wa hifadhi ambayo haikuwepo, na mapato ya Selous ya miaka hiyo yatahamia TANAPA kimyakimya.

Dawa yake ni kila mstari wa maelezo uwe na tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kukoma. Mabadiliko yakitokea, funga mstari wa zamani, fungua mpya wenye ufunguo mpya. Matukio ya 2015 yabaki yameshika ufunguo wa zamani. Ongeza safu ya "eneo la kulinganishia" yenye jina moja kwa mistari yote miwili, ili anayetaka mwenendo wa miaka kumi wa eneo lile aupate, na anayetaka hesabu za taasisi naye apate zake. Kanuni hiyohiyo itakusaidia kwenye mikoa, maana Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilizaliwa 2012 na Songwe 2016, na kwenye hoteli zinazobadili jina, daraja au mwenyewe.

Hifadhi vijenzi, si asilimia

Hoteli hupenda kuleta asilimia ya vyumba vilivyojaa. Ipokee, lakini dai na namba zilizoizaa. Chukua nyumba ya wageni yenye vyumba 10 iliyojaza 9, yaani asilimia 90, na hoteli ya vyumba 200 iliyojaza 80, yaani asilimia 40. Ukitafuta wastani wa asilimia hizo utapata 65. Ukweli ni vyumba 89 kati ya 210, kama asilimia 42. Aliyeshika 65 ataruhusu hoteli mpya pahali ambapo zaidi ya nusu ya vyumba vinalala vitupu.

Fedha nazo ziingie kwa sarafu iliyolipwa, kiwango cha kubadilishia cha siku ile, na thamani ya shilingi iliyopatikana. Ukihifadhi shilingi peke yake, dola ikipanda utadhani wageni wameongezeka.

Chota, safisha, pakia

Kila shehena ya data ikifika, weka nakala yake ghafi isiyoguswa, yenye tarehe na jina la chanzo. Usafishaji ufanyike kwenye nakala ya pili, kwa programu iliyoandikwa na kuhifadhiwa, si kwa mkono. Siku kanuni itakapobadilika utarudia kazi yote kutoka kwenye ghafi.

Mstari usioeleweka usiuache upotee na usiubahatishe. Upeleke kwenye jedwali la kasoro ukiwa na sababu, halafu orodha irudi kwa aliyeutuma. Baada ya kupakia, linganisha jumla tatu: idadi ya mistari, watu na fedha. Zisipolingana na chanzo, shehena isiingie.

Tenganisha pia sifuri na ukimya. Aprili hadi Mei 2020, Tanzania iliposimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya Uviko-19, sifuri kwenye uwanja wa ndege ilikuwa sifuri ya kweli. Hoteli ambayo haikuleta ripoti kipindi hicho haikuwa na sifuri; haikusema kitu. Ya kwanza andika 0, ya pili acha wazi na uitie alama ya "haijaripoti". Ukizichanganya, kila hoteli isiyopenda kuripoti itasomeka kama hoteli tupu.

Linda watu walio nyuma ya namba

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake tangu 2019. Ghala la utalii halihitaji jina la mgeni. Likihitaji kumtambua mtu yuleyule katika vyanzo viwili, namba ya pasipoti igeuzwe kuwa alama isiyosomeka kwa kutumia ufunguo wa siri, na kazi hiyo ifanyike kabla data haijaingia ghalani. Kugeuza bila ufunguo wa siri hakutoshi: namba za pasipoti ni fupi, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote mpaka ipate inayofanana. Ripoti nazo zifiche makundi madogo. Jedwali likionyesha kwamba kambi fulani ilimpokea mgeni mmoja kutoka nchi fulani tarehe fulani, umeshamtaja.

Anza na chanzo kimoja

Vifaa visikutishe. PostgreSQL ni ya bure na inabeba ghala la ukubwa huu bila jasho. Bill Inmon, aliyeandika kuhusu maghala ya data mwaka 1992, alipendekeza kujenga kwanza ghala kuu la taasisi nzima. Ofisi yenye mafundi wawili haitafika mwisho wa njia hiyo kabla bajeti haijakatwa. Chagua shughuli moja, mathalani vibali vya hifadhi moja kwa miaka mitatu, na uifikishe hadi kwenye ripoti inayosomwa na wakubwa.

Kisha lipime. Wape watumishi wawili wa idara tofauti swali moja kutoka kwenye ile orodha ya mwanzo, kila mmoja alitafutie jibu peke yake. Wakileta namba mbili, usiwalaumu. Rudi kwenye tamko la mstari na majina ya safu, maana ndiko walikotofautiana. Wakileta namba moja, na mhasibu akaikubali bila kufungua faili lake la Excel, fungua chanzo cha pili.