Doa jeusi la unyayoni: kinyama kisitupwe

Mkulima wa Kilosa huuangalia unyayo wake siku unapouma. Lakini melanoma, saratani ya ngozi inayosambaa upesi, mara nyingi huanza bila maumivu. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi hujitokeza zaidi kwenye unyayo, kiganja na chini ya kucha. Doa la mwanamuziki Bob Marley lilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu, likadhaniwa jeraha la mpira. Lilibainika mwaka 1977, naye akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Doa la kutiliwa shaka ni lile linalobadilika: linapanuka, kingo hazilingani, rangi zimechanganyika, linatoa damu, au limezidi milimita 6. Michirizi myeusi kwenye kucha kadhaa za mtu mzima huwa ya kawaida. Mmoja unaonenepa, au unaomwagikia kwenye ngozi, ndio wa kupeleka kwa daktari. Na kwa mwenye ualbino, kidonda kisichopona usoni, sikioni au shingoni hakisubiri.

Usilikwangue doa kwa wembe, usilichome, usilipake dawa ya kuunguza. Unaharibu kile kile kinachotakiwa kupimwa.

Anzia Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au Hospitali ya St. Kizito ukiwa Mikumi. Kabla hujakatwa doa hilo, uliza kinyama kitakachotolewa kitapelekwa maabara gani, kwa gharama ipi, na majibu yatatoka lini. Ukiambiwa kitatupwa, usikubali kukatwa. Omba rufaa ya kwenda Morogoro. Kutoka Mikumi ni basi tu la barabara kuu, na Kilosa sasa ina kituo cha treni ya SGR.

Mweleze daktari kama una kisukari, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, uliwahi kudhurika na ganzi, au makovu yako huvimba. Sindano ya ganzi huwaka kidogo. Baada ya hapo utahisi kuvutwavutwa tu. Ukisikia maumivu, sema, utaongezewa. Doa dogo huondolewa zima pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi nzima, kisha kinyama hutiwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kukihifadhi. Hakikisha chupa imeandikwa jina lako na sehemu kilipotoka. Wengi huona haya kuuliza hilo, lakini ni haki yako.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7. Za unyayoni hukaa wiki 2 au zaidi. Katika muda huo usishuke kwenye matope ya bonde la Mkondoa, hata msimu ukikubana.

Majibu yakionyesha melanoma, utakatwa mara ya pili kwa ukingo mpana zaidi, na huenda ukatumwa hospitali ya Muhimbili au Ocean Road. Yakichelewa, rudi ukayadai, na usiondoke bila nakala yake.