KIPYA KINYEMI: SOMO LA KUKARABATI KINYAGO CHA ZAMANI

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii tuliisoma Kidato cha Kwanza, nami nikaikariri kwa ajili ya mtihani tu. Maana yake hasa niliijua likizo ya Desemba, nikiwa na brashi mkononi na mkebe wa rangi nyeusi ya mafuta kando yangu.

Nyumbani kwetu kuna kinyago cha mzee aliyeketi kigodani, amejitanda blanketi. Marehemu babu alikichonga kwa mjakaranda alipokuwa kijana. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika, rangi nyekundu ya blanketi imebambuka, na vumbi limejaa kila mkunjo. Nikasema, leo nitakifanya kipya! Nilikuwa nimemaliza kupaka mguu wa kushoto nyanya alipotokea.

"Mjukuu wangu, hebu ngoja," akasema. "Hizo alama za kisu ndizo mkono wa babu yako. Ukizifunika, nitamwona wapi tena?"

Nikaweka brashi chini. Somo hili limetokana na siku hiyo.

Si mimi peke yangu niliyekosea. Huko Uhispania, katika mji wa Estella, kanisa moja lina sanamu ya mti ya Mtakatifu George iliyochongwa karne ya 16. Mwaka wa 2018 ilipakwa rangi mpya kwa nia njema, lakini ikatoka kama mwanasesere wa dukani. Wataalamu waliitwa kuiondoa rangi hiyo, na kazi hiyo ikagharimu zaidi ya yuro 30,000. Sehemu ya rangi ya kale haikupatikana tena.

JUA KWANZA ULICHO NACHO

Uchongaji wa Ukambani kama tunavyoujua leo huhusishwa na Mutisya wa Munge wa Wamunyu, Machakos. Husimuliwa kwamba alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza (1914–1918), akarudi nao nyumbani. Wachongaji walipenda miti migumu kama mpingo na muhugu. Miti hiyo ilipoadimika, wengi wakageukia mjakaranda, mwembe na mwarobaini.

Tofauti hii ni muhimu. Mpingo ni mzito na weusi wake ni wa asili. Kuupaka rangi ni kuuharibu. Mjakaranda ni mwepesi na mweupe, kwa hiyo mchongaji mwenyewe huupaka rangi au hata dawa ya viatu ili ufanane na mpingo. Tazama chini ya kinyago, pale pasipoonekana. Hapo utaujua mti wenyewe.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, piga picha kila upande na uandike mabovu yote daftarini. Atakayekuja baada yako ajue kipi ni chako na kipi ni cha mchongaji.

Pili, chunguza wadudu. Ukiona matundu madogo na unga mpya chini yake, bungua yumo. Ikiwa rangi haibanduki, funga kinyago ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, ukiweke kwenye friza kali kwa majuma mawili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo kitalowa kwa umande.

Tatu, ondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Uchafu ulioganda, jaribu pamba yenye unyevu kidogo mahali palipofichika. Pamba ikichukua rangi, acha mara moja. Mtacheka, lakini wataalamu wa makumbusho hutumia hata mate! Watafiti wa Ureno waliyapima wakaona yanasafisha vizuri, na mwaka wa 2018 wakatuzwa Ig Nobel, tuzo ya kuchekesha na kufikirisha. Msasa usiuguse kabisa, maana hula alama za kisu.

Nne, unga palipovunjika. Panga vipande bila gundi kwanza uone kama vinaingiana. Kisha paka gundi nyeupe ya seremala kidogo tu, funga kwa uzi, uache hadi kesho. Gundi ya papo kwa papo hushika kabla hujapanga vizuri. Ufa mdogo uzibe kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi.

Tano, rangi. Hapa ndipo watu huharibu. Paka pale palipobambuka tu, usivuke mpaka. Tumia rangi ya maji ya darasa la sanaa, ambayo huweza kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Kama hujui rangi ya zamani ilikuwa ipi, usibuni. Acha mti uonekane. Kinyago kina haki ya kuonyesha umri wake, kama mzee na mvi zake.

Kanuni ya yote ni moja: usifanye jambo ambalo mwingine hawezi kulitengua.

HITIMISHO

Mzee wetu sasa ana mkono wake, na blanketi lake lina wekundu wa kutosha. Lakini mguu wa kushoto bado unang'aa kama kiatu cha gwaride. Tapentaini ingeondoa rangi yangu, ila ingeweza kuondoa na ya babu iliyo chini yake. Nimeuacha hivyo hivyo. Nyanya akimpangusa vumbi hunitazama, hucheka, hasemi neno.

MSAMIATI
Bambuka – toka vipande vipande, kama rangi au ganda.
Bungua – mdudu atobowaye mbao.
Karabati – tengeneza kilichoharibika.
Kinyemi – chenye kupendeza.
Tengua – rudisha jambo lilivyokuwa kabla halijafanywa.

ZOEZI
1. Kwa nini mwandishi hakuondoa rangi ya mguu wa kushoto?
2. Eleza jinsi methali "kipya kinyemi ingawa kidonda" inavyohusiana na sanamu ya Estella.
3. Tafuta nyumbani kwenu kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono. Uliza aliyekitengeneza ni nani, uandike insha ya ukurasa mmoja.