Tule Wapi Mji Mkongwe?

SWALI: Mimi na mke wangu tutakuwa Zanzibar siku mbili. Tule wapi Mji Mkongwe bila kulipa bei za watalii?

JIBU: Ndugu yangu, anzeni na urojo, ndicho chakula cha mji huu hasa. Ni mchuzi mzito wa unga wenye ukali wa embe mbichi au ndimu, ndani yake viazi, bajia, kachori na mishikaki, juu chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Uleni jioni, kwenye kibanda chenye foleni ya wenyeji. Mchuzi unaoisha haraka haulali.

Mchana nendeni mgahawa wa Lukmaan, mtaa wa Mkunazini. Vyakula vimepangwa mbele yenu, mnachagua kwa macho: pilau, biriani, samaki wa nazi.

Bustani ya Forodhani, penye vibanda vya chakula usiku, inapendeza, lakini ulizeni bei kabla mshikaki haujafika motoni. Binafsi, vyakula vya baharini vilivyokaa mezani muda mrefu sivigusi. Nachukua juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu.

Kisha tembeeni hadi kijiwe cha Jaws Corner mkanywe kahawa chungu barazani. Mkisalimia vizuri, mtasogezewa nafasi.